Kopo chini ya gogo

Najua nimeadimika, mitihani ya katikati ya muhula imetubana kwelikweli. Leo nina stori ya msituni.

Kuna mchezo unaitwa letaboksi. Mtu anaficha kopo mahali ambapo yeyote anaweza kufika. Ndani anaweka daftari dogo na muhuri wa mpira, mara nyingi kauchonga mwenyewe, halafu anaandika maelekezo kama kitendawili. Ukilipata, unagonga muhuri wake kwenye daftari lako, unagonga wako kwenye la kwake, unarudisha kila kitu palepale. Zawadi hakuna!

Asili yake ni Uingereza. Mwaka 1854 James Perrott, aliyekuwa akiwaongoza wageni kwenye nyika ya Dartmoor, aliacha chupa huko Cranmere Pool ili wanaofika waache kadi zao. Baadaye watu wakawa wanaacha barua na postikadi, anayefuata anazichukua na kuziposti. Marekani mchezo ulishika kasi baada ya jarida la Smithsonian kuuandika mwaka 1998.

Basi, Jumamosi dada mmoja wa darasani kwetu, mzungu wa hapahapa Connecticut, alitupeleka mimi na rafiki yangu Mkenya kwenye msitu wa People's State Forest. Tukaegesha gari pembeni ya barabara, karibu na mto Farmington. Maelekezo yalisema: anzia kwenye ukuta wa mawe, nyuzi 40 kwa dira, hatua 25, angalia chini ya gogo.

Sheria mojawapo ya mchezo ni kwamba mpita njia asikuone ukitafuta, asije akaliharibu. Yule dada alikuwa amerudi kwenye gari kufuata muhuri wake, sisi wawili tumeinama tunapekua majani. Gari likasimama. Mzee mmoja akashusha kioo: mnafanya nini hapo? Tukaeleza mambo ya kopo na muhuri. Akazidi kutukazia macho, akauliza tunatoka wapi. Mara yule dada akafika, akasema maneno yaleyale tuliyosema sisi. Mzee akatabasamu, akatutakia siku njema, akaondoka.

Mkenya wangu akasema, "Huyu akiinama msituni anatafuta uyoga. Sisi tukiinama tunaficha maiti." Tulicheka, lakini mikono yangu ilikuwa inatetemeka.

Kopo tulilipata. La plastiki, la kuwekea chakula, ndani muhuri wa bundi. Daftari limejaa mihuri ya watu, kila mmoja na tarehe yake. Sisi hatukuwa na mihuri, tukachovya dole gumba kwenye wino, kama bibi zetu wanavyosaini. Pembeni nikaandika kwa Kiswahili: Tumefika, asante kwa kutuamini. Maana aliyelificha hatujui hata kwa sura, lakini ametuachia kitu chake bila kufuli wala mlinzi. Mzee wa kwenye gari alituona kwa macho yake, na hakutuamini.

Msidhani nawasema wazungu tu. Kwetu Bongo ukikuta kopo limefichwa kwenye mizizi ya mti unaligusa? Thubutu! Utaita mchungaji na shehe kwa pamoja, na wa kwanza kunyooshewa kidole atakuwa yule bibi mwenye macho mekundu anayeishi peke yake.

Ndiyo maana nataka kuujaribu mchezo huu nikianza kufundisha jiografia. Kopo la Blue Band, daftari la kurasa chache, muhuri wa kiazi uliochongwa asubuhi ileile. Watoto watajifunza dira na vipimo kwa miguu yao, siyo kukariri ubaoni. Ila kabla ya kuficha chochote, wazazi na majirani wa shule nitawaita walione kopo likiwa wazi. Mtoto yeyote, hata yule ambaye kila kitu kikipotea darasani anasachiwa yeye, awe na haki ya kuinama chini ya mti akitafuta, bila mtu kumuuliza anatoka wapi.

Walimu wenzangu watarajiwa, mnasemaje? Kwenye shule uliyosoma wewe, kopo lingemaliza wiki?