Muhuri Niliougonga Mimi

Nilimdhulumu mteja, na nilijua ninamdhulumu. Wakati huo nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya umeme kwenye barabara ya Luthuli, Nairobi. Kila risiti niliyoandika niliigonga muhuri wa wino mwekundu: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Mama mmoja alirudisha runinga ambayo haikuwa imemaliza hata wiki kwake. Alikuja nayo kwa matatu, ndani ya boksi lake lile lile, amelifunga kwa kamba ya katani. Waranti ya mwaka mmoja ameikunja ndani ya leso. Nilipoiwasha, mistari ya kijani ilishuka upande wa kushoto wa skrini. Sikushangaa. Nyingine za shehena hiyo zilikuwa zimerudi na mistari hiyo hiyo.

"Mama, hii imechomwa na stima ya kwenu," nikamwambia. "Waranti haihusiki na stima."

"Mwanangu, mbona redio iko soketi hiyo hiyo na inaimba?"

Sikumjibu. Nilimwonyesha muhuri kwa kidole. Akaanza kufunga boksi lake upya, na mimi nikamshikia kamba.

Baadaye nilisoma sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa kasoro yake. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 nayo inabatilisha maneno yoyote ya muuzaji yanayomnyang'anya mnunuzi kinga aliyopewa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa. Muhuri wangu haukuwa na nguvu yoyote. Siku hizi mtu kama yule mama anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na halazimiki kuwa na wakili.

Lakini sitajificha nyuma ya kutojua sheria. Runinga ilikuwa mbovu tangu kiwandani, nami nililijua hilo bila kifungu chochote. Niliogopa tajiri asinikate mshahara, nikaona afadhali hasara imwangukie yule mama.

Jina lake na nambari yake ya simu vilikuwa kwenye nakala ya kaboni katika kitabu cha risiti. Siku niliyoacha kazi kitabu kilikuwa mezani, mbele yangu. Ningeweza kunakili nambari ile, nimpigie, nimwambie ukweli. Sikunakili.