Picha Zijazo Muhula Huu
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Katika mkutano wa wazazi wa muhula uliopita mzee mmoja alisimama akauliza swali. Alisema, "Mimi nimemleta mtoto hapa asome. Sasa nasikia Jumamosi usiku wanatazama sinema. Je, hiyo sinema itakuwamo katika mtihani?" Watu walicheka, na mkutano ukaendelea na habari za maji na madawati. Mimi nilikuwa nyuma pamoja na wenzangu tuliopewa kazi ya kupanga viti. Niliona swali lile ni la haki. Mzazi aliyeuza mahindi yake ili mwanawe apate godoro na sanduku la bati ana haki ya kuuliza, tena ana haki ya kujibiwa. Basi naomba nafasi katika gazeti letu nijaribu kujibu, kwa heshima, na hapo hapo niwatangazie wasomaji picha ambazo chama chetu cha filamu kitaonyesha muhula huu.

Kwanza yafaa ieleweke chama cha filamu ni kitu gani, maana si nyumba ya sinema wala si kibanda cha video. Mjomba wangu ana kibanda cha video mjini kwetu, nami nakijua vizuri. Kila asubuhi huandika kwa chaki majina ya picha za siku hiyo pamoja na saa zake, kisha huuegemeza ubao mlangoni. Watu huja, hutoa kiingilio, hukaa juu ya mabenchi, hutazama, huondoka. Mjomba huonyesha kile ambacho watu wengi watakilipia, wala hapana lawama, kwa sababu ndiyo kazi inayowalisha watoto wake. Chama cha filamu kina desturi nyingine. Wanachama huchanga mapema, huchagua wenyewe picha za muhula mzima, huandika karatasi ya kueleza kila picha, na baada ya kutazama hawatawanyiki mpaka wamezungumza.

Desturi hii si yetu sisi tulioianzisha. Mwaka 1925 watu fulani wa London waliunda chama cha namna hii, na tarehe 25 Oktoba mwaka huo, alasiri ya Jumapili, wakaonyesha picha zao za kwanza katika ukumbi mmoja wa barabara ya Regent Street. Miongoni mwa waliokiunga mkono walikuwamo waandishi mashuhuri H. G. Wells na Bernard Shaw. Waliona kwamba picha nyingi nzuri za nchi nyingine haziwafikii, ama kwa sababu wenye kumbi hawakuona faida ndani yake, ama kwa sababu wakaguzi walizikataza. Picha ya Sergei Eisenstein ihusuyo maasi ya mabaharia katika manowari Potemkin ilitengenezwa Urusi mwaka 1925, lakini wakaguzi wa Uingereza hawakuiruhusu ionyeshwe hadharani. Chama hicho kiliwaonyesha wanachama wake mwezi Novemba 1929. Kiliendelea na kazi hiyo hadi mwaka 1939.

Lakini chama ambacho mimi nakipenda zaidi ni kile cha Calcutta, mji wa India ambao tangu 2001 huitwa Kolkata. Kilianzishwa mwaka 1947, mwaka ule ule India ilipopata uhuru. Waanzilishi wake walikuwa vijana, na miongoni mwao alikuwamo Satyajit Ray, mwenye umri wa miaka 26, mchoraji katika kampuni ya matangazo ya biashara, pamoja na rafiki yake Chidananda Dasgupta. Hawakuwa na ukumbi wao wala mali nyingi. Walitafuta picha za kuazima, wakazitazama na kuzijadili, na picha yao ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo ya manowari Potemkin. Mwaka 1949 Jean Renoir, mtengenezaji mkubwa wa sinema kutoka Ufaransa, alifika Calcutta kutafuta mahali pa kupigia picha yake, na Ray akafuatana naye kumwonyesha vijiji. Mwaka 1950 kampuni ilimpeleka Ray London kwa miezi michache, naye akatazama huko karibu filamu 100. Mojawapo ilikuwa "Wezi wa Baiskeli" ya Vittorio De Sica, iliyotengenezwa Italia mwaka 1948, na hiyo ndiyo iliyompa moyo wa kutengeneza yake.

Mwaka 1952 alianza. Hakuwa amewahi kuongoza filamu hata moja. Mpiga picha wake, Subrata Mitra, alikuwa kijana wa miaka kama 21 ambaye hakuwa ameshika kamera ya sinema maishani mwake. Mtengeneza mandhari, Bansi Chandragupta, alikuwa mwenzao wa chama. Walipiga picha siku za mapumziko, kwa kuwa siku za kazi Ray alikuwa ofisini. Fedha zilipokwisha walisimama, na mke wake akatoa mapambo yake yawekwe rehani. Mwishoni serikali ya jimbo la West Bengal ilitoa fedha za kuimalizia, na mwaka 1955 filamu ilitoka. Jina lake ni "Pather Panchali", yaani wimbo wa njia. Mwaka 1956 ilipewa tuzo huko Cannes, Ufaransa. Leo, zaidi ya miaka 30 baada ya Ray kufariki mwaka 1992, bado inatazamwa duniani kote.

Wenzangu, nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Ray hakufundishwa utengenezaji wa sinema katika chuo chochote. Chama kilikuwa sehemu kubwa ya shule yake. Alijifunza kwa kuchagua cha kutazama, kukitazama kwa makini, na kubishana nacho mbele ya wenziwe.

Sasa nije kwetu. Chama chetu kina vitu vichache: projekta ya shule, kompyuta ya mwalimu mlezi, spika mbili, na shuka jeupe tunalolitundika ukutani bwaloni. Tunakutana Jumamosi mbili katika mwezi, baada ya chakula cha usiku, saa ambazo hazina prepo. Kwa kuwa picha nyingi zina lugha za kigeni, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza, wanachama wawili huitazama picha mapema pamoja na mwalimu, huandika tafsiri, kisha usiku wenyewe huisoma kwa sauti. Katika kibanda cha mjomba pia yupo mtu anayetafsiri, naye huongeza mizaha yake mwenyewe, watu wakafurahi. Sisi tumekubaliana kwamba mzaha hauongezwi, na linalosemwa katika picha ndilo lisemwalo kwa Kiswahili. Wiki moja kabla ya picha, karatasi hubandikwa ubaoni: jina, nchi, mwaka, nani aliyeitengeneza, na swali moja la kufikiri.

Muhula uliopita tulionyesha "Wezi wa Baiskeli". Ni habari ya Antonio, mtu wa Roma, baada ya vita, asiye na kazi. Anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, lakini sharti awe na baiskeli, na yake imo rehani. Mkewe anatoa mashuka ya kitandani yawekwe rehani ili baiskeli ikombolewe. Siku ya kwanza ya kazi inaibiwa. Baba na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji kuitafuta wasiipate. Mwishowe baba mwenyewe anajaribu kuiba ya mtu mwingine, anakamatwa, na mtoto anaona yote.

Taa zilipowashwa hakuna aliyesema neno kwa muda. Halafu kijana mmoja wa Kidato cha Pili, ambaye si msemaji, akauliza, "Sasa yule mtoto kesho atamwamkiaje baba yake?" Tukaanza kubishana. Wengine walisema mwizi ni mwizi. Wengine walisema mtoto amemshika baba mkono, na hilo ni jibu tosha. Wengine wakauliza juu ya yule mwenye baiskeli aliyemsamehe, je, alifanya haki au huruma tu? Tulikuwa bado tunaendelea mwalimu wa zamu alipokuja kutuambia saa ya kulala imefika.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuikumbuka picha ile. Baba yangu ni fundi cherehani. Nilipochaguliwa kuja shule hii aliuza baiskeli yake ili nipate vitu vilivyoandikwa katika fomu ya kujiunga, na tangu hapo huenda sokoni kwa miguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Nyumbani jambo hili halizungumzwi. Usiku ule nilipoona mashuka yale yakipandishwa kwenye rafu ya duka la rehani, juu ya marundo ya mashuka ya watu wengine, nilijua kwamba habari za nyumba yetu ni habari za nyumba nyingi, hata za Roma. Nikamwandikia baba barua nikamsimulia picha yote, tangu mwanzo hata mwisho. Majibu yake yalikuwa mafupi. Aliandika, "Baiskeli ni chuma tu. Wewe soma." Barua hiyo ninayo.

Basi, kumjibu mzee wetu: hapana, sinema haimo katika mtihani, wala sitadai kwamba inafaulisha hesabu. Lakini katika mtihani wa fasihi twaulizwa mhusika ametenda nini na kwa sababu gani, na tutoe ushahidi. Kazi hiyo hiyo ndiyo tunayoifanya kila baada ya picha, tena mbele ya watu wanaotupinga. Na zaidi ya mtihani, kila mmoja wetu atatazama picha maisha yake yote, katika simu, katika basi, katika vibanda. Atakayezitazama bila kuzoea kuuliza atakubali kila aonyeshwacho. Mzazi angependa mwanawe ajifunze wapi kuuliza, kama si shuleni?

Hizi ndizo picha za muhula huu.

Ya kwanza ni "Pather Panchali" yenyewe. Watoto wawili wa kijijini, Durga na mdogo wake Apu, wanakimbia katikati ya majani marefu ili walione treni. Swali letu: umaskini wa nyumba ile ni kosa la nani?

Ya pili ni "Nyumba ya Rafiki Iko Wapi?" ya Abbas Kiarostami, iliyotengenezwa Iran mwaka 1987. Mtoto amechukua daftari la mwenzake bila kukusudia, na mwalimu amesema mwenye daftari akija tena bila kazi yake atafukuzwa. Anakwenda kijiji cha pili kumtafuta, na watu wazima njiani hawamsikilizi. Walimu wetu wanaalikwa kwa namna ya pekee.

Ya tatu ni "Yaaba" ya Idrissa Ouédraogo, kutoka Burkina Faso, ya mwaka 1989. Kijana mdogo anafanya urafiki na bibi kizee ambaye kijiji kimemtenga kwa kumwita mchawi. Katika nchi yetu wapo vikongwe waliouawa kwa uzushi kama huo, kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Hapana haja ya kuandika swali.

Ya nne ni "Mvulana Aliyeutia Upepo Lijamu" ya mwaka 2019, ambayo Chiwetel Ejiofor aliiongoza na kucheza humo. Ni habari ya kweli ya William Kamkwamba wa Malawi, aliyetolewa shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akasoma vitabu vya maktaba, akajenga kinu cha upepo kwa vyuma chakavu. Humo pia mna baiskeli ya baba. Atakayetazama ataona inavyotumika.

Mtaona hakuna picha ya Tanzania. Tunaitafuta. Tangu 1998 Zanzibar ina tamasha kubwa la filamu katika Ngome Kongwe, na mwaka 2021 Amil Shivji alitoa filamu ya "Vuta N'kuvute" kutoka riwaya ya Adam Shafi, kwa hiyo hatuwezi kusema kwetu hakuna kitu. Mwanachama mwenye njia ya kutupatia picha ya nyumbani kwa halali amwone mwalimu mlezi.

Neno la mwisho ni kwa Kidato cha Tatu. Sisi wa Kidato cha Nne tunakabili mtihani, kisha tunaondoka. Mwaka huu katika kamati ya watu sita, watano ni wa kidato chetu, na hili linanipa wasiwasi. Chama cha Calcutta nacho kilizorota baada ya miaka michache, na mwaka 1956 ikabidi watu wakifufue. Miaka mitatu baadaye vyama vya India viliungana katika shirikisho moja, Ray akawa rais wake wa kwanza. Kufufua ni kazi ngumu kuliko kupokea. Kinachotakiwa ni watu watatu: mmoja wa mitambo, mmoja wa tafsiri, na mmoja wa kuandika karatasi ya ubaoni. Huyo wa karatasi ndiye wa lazima kuliko wote, maana projekta ikiharibika tutangoja fundi, lakini ubao ukibaki mtupu wiki mbili watu watasahau kwamba palikuwa na chama. Wenye nia waje Alhamisi baada ya michezo, maktaba. Kalamu na gundi tutawakabidhi siku hiyo.