Karatasi za Iringa

Binti yangu alipokuwa akisoma Chuo cha Mkwawa, Iringa, alituletea Tanga daftari lililoshonwa kwa mkono, jalada lake gumu, kurasa zake nene za rangi ya udongo. Alikusudia kuandika dua humo. Shangazi yake akauliza karatasi ile ni ya nini. Binti akajibu kwa adabu, "Ya mavi ya tembo, shangazi." Daftari likatolewa chumba chenye msahafu hata chai haijanywewa.

Nalikwenda nikaone kwa macho yangu, na binti akanipeleka. Mahali penyewe ni Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 2003, na waliofundishwa kazi hii mwanzo walikuwa vijana viziwi. Tembo hula sana wala hasagi sawasawa. Karibu nusu ya alacho hutoka nyuzinyuzi. Hizo huoshwa, huchemshwa saa nyingi, hupondwa pamoja na karatasi kuukuu, kisha rojo lake huchotwa kwa fremu yenye wavu, maji yakachuja, ukabaki ukurasa. Hukamuliwa, ukaanikwa. Kijana mmoja alituonyesha kwa vidole namna ya kupitisha sindano katika mgongo wa kurasa. Hakusema neno, nasi tukaelewa. (Wengi wetu mtoto kiziwi humficha uani wageni wakija, na Sura ya Abasa tunaisoma, na kisa cha yule kipofu tunakijua.)

Sasa swali la shangazi. Halikuwa la upuzi. Katika madhehebu yetu ya Shafii kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi, na kuchemsha hakukitahirishi kilicho najisi kwa dhati yake. Mahanafi husema kitu kikigeuka kikawa kingine, hukumu nayo hugeuka. Hata Mashafii husema punje iliyotoka nzima, ambayo ikipandwa huota, huoshwa ikatahirika. Lakini uzi wa jani si punje. Mimi naona hesabu na jiografia ziandikwe humo. Jina la Mwenyezi Mungu lisiandikwe.

Wala mambo haya si mapya. Mwaka 1409 Ibn Marzuq, mwanachuoni wa Kimaliki wa Tlemcen, nchi ya Algeria, alitoa fatwa juu ya karatasi za Wazungu, zilizokuwa na alama za misalaba ndani yake na zikishukiwa unajisi. Akajuzisha. Na Siyu, kisiwani Pate, walikuwako mabingwa wa kunakili misahafu, na wa kazi za ngozi na kujalidi vitabu. Karatasi ilitoka ng'ambo. Mkono ulikuwa wetu. Leo msahafu ukiachana mgongo twanunua mwingine uliopigwa chapa mbali, na yule wa zamani twaufungia sandukuni uliwe na mchwa. Hilo lanisikitisha kuliko mavi ya tembo.

Karakana ile ilikuwa na karatasi ya majani ya mahindi pia. Nikanunua kidogo. Shangazi akaishika, akainusa, akaridhika. Tunazo juzuu za marehemu babu, zimelegea kila uzi, na binti ndiye anayezishona sasa, kwa sindano na uzi uliopakwa nta, kama alivyoonyeshwa. Karatasi ya mahindi ameiweka mbele na nyuma. Ngozi ya mbuzi tumeipata. Ule ulimi wa jalada, unaokunjwa kufunika ukingo wa kurasa, bado unamshinda.