Babu kanong'ona, kompresa ikapayuka: Kilichotokea studio moja Kaagya

Sauti ya mzee mmoja wa Kaagya, Bukoba vijijini, nusura iwakosanishe watu wawili walioshibana. Wa kwanza ni prodyuza, kijana anayerekodi kwaya, matangazo ya harusi na wasanii chipukizi kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani. Wa pili ni binti mwimbaji, maskani yake Muleba mjini. Majina yao yanahifadhiwa.

Binti alitaka enanga ya babu yake isikike kwenye wimbo wake mpya. Wazo zuri. Saida Karoli alipotamba kwa Kihaya mwanzoni mwa miaka ya 2000, nchi nzima ilicheza, hata wasioelewa neno. Babu akakubali kwa sharti moja: "Mjukuu wangu, hadithi yangu usiiharibu." Akatafuna buni zake, akapakata enanga, akarekodiwa mara moja tu.

Sasa wadau, kompresa inafanya nini hasa? Chukulia kuna mtu ameshika kitufe cha sauti cha redio. Mwimbaji akipayuka, anashusha, akitulia, anaachia. Kizingiti kinamwambia aanze lini. Reshio inamwambia ashushe kiasi gani: kwa reshio ya 4 kwa 1, sauti iliyovuka kizingiti kwa desibeli 8 inatoka imevuka kwa 2 tu. Ataki ni wepesi wake wa kushika, rilisi ni wepesi wa kuachia, zote kwa milisekunde. Mwisho kuna geni, inayopandisha kila kitu baada ya vilele kubanwa. Hapo ndipo vitu vidogo navyo vinakuwa vikubwa.

Jamaa akatumia mipangilio yake ya marapa: kizingiti chini kabisa, reshio 8 kwa 1, ataki milisekunde 1, geni juu. Spika ikatoa mzigo. Binti akaruka kwa furaha. Babu akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza taratibu: "Mwanangu, hapa nilinong'ona. Mbona napiga kelele?"

Swali zito hilo. Mpiga enanga wa Kihaya haburudishi tu, anasimulia tenzi za mashujaa na watawala wa kale. Profesa Mulokozi alizifanyia utafiti wake wa udaktari, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1986. Na mzee huyu akifika penye siri au kifo, hushusha sauti mpaka watu wasogeze viti. Kompresa ilikuwa imesawazisha vita na msiba vikawa kimo kimoja. Ataki ya haraka nayo imekula ule mdundo wa kidole kikigusa uzi. Na geni imeleta mvua ya kwenye mabati, utadhani inanyesha ndani ya studio.

Lakini binti naye alikuwa na hoja. Wimbo utapigwa kwenye bajaji, kwenye simu, kwenye baa yenye kelele. Nani atasikia mnong'ono?

"Kaka, nimelipa ili nisikike."

"Utasikika wewe, dada. Babu hatasikika."

Siku tatu hawakupigiana simu.

Jamaa akarudi kwenye kompyuta. Safari hii alianza kwa mkono: akapita sehemu kwa sehemu, akishusha kidogo palipozidi. Ndipo akawasha kompresa, reshio 2 kwa 1, ataki milisekunde 30 ili kidole kigonge kwanza ndipo sauti ibanwe. Kizingiti akakiweka juu ya mnong'ono, upite bila kuguswa. Sindano ikawa inacheza desibeli 2 au 3, tena kwenye vilele tu. Kabla hajamwita binti, akahakikisha kazi zote mbili zinatoka kwa sauti sawa, maana sikio hupenda chochote kinachopiga zaidi, hata kama kibovu.

Binti akasikiliza ya kwanza, akasikiliza ya pili. Akaomba ya pili irudiwe. Babu ndiye aliyeamua: mnong'ono ubaki peke yake, ngoma za mjukuu ziingie baada yake.

Mambo yakaisha? Wapi! Baa moja ya Muleba, mnong'ono ulipofika, DJ akadhani waya umechomoka, akapandisha sauti. Ngoma zilipoingia, bia mbili zikamwagika. Binti bado anadai wimbo ungefika mbali kama ungepiga mwanzo mwisho. Prodyuza anasema hagusi tena kitu. Babu yeye anasema aliyetaka kusikia alisogea.

Haya wadau, wimbo ungekuwa wako na babu wako, ungetoa upi?