Kumchagulia Mama Mahali pa Kulala Malta

Dada yangu anamtunza bibi mmoja mzee katika mji wa Catania, kisiwani Sicily. Analala humo humo kazini, kwa hiyo hana chumba cha kumkaribisha mgeni. Mwaka jana alipopata likizo ya siku nane mwezi wa Oktoba, alitaka akutane na Mama kisiwani Malta, kwa sababu kutoka bandari ya Pozzallo feri ya kasi hufika huko kwa muda usiozidi saa mbili. Walikuwa hawajaonana kwa miaka sita. Nauli ya ndege kutoka Uganda ilimtosha mtu mmoja tu, naye ni Mama. Mimi nilipewa kazi ya kutafuta mahali watakapolala.

Kazi hiyo si ndogo kama inavyosikika. Mwombaji wa viza ya Schengen hutakiwa aonyeshe mahali atakapolala, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Yaani unachagua kitanda kabla hujajua kama utaruhusiwa kukilalia. Kwa sababu hiyo sharti langu la kwanza lilikuwa nafasi inayoweza kufutwa bila kupoteza fedha, na sharti hilo liliziondoa nyumba nyingi za bei nafuu.

Malta yote, pamoja na visiwa vyake vya Gozo na Comino, ina kilomita za mraba 316, eneo ambalo halifiki mara mbili ya jiji la Kampala. Kisiwa kikubwa kina urefu wa kilomita 27 hivi. Mtu akitazama ramani anaweza kusema popote ni sawa. Lakini kwa msafiri asiye na gari, kila mahali pana tabia yake.

Nilianza na Valletta, mji mkuu, kwa kuwa mabasi mengi huanzia nje ya lango lake. Mji huo ulijengwa na watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane baada ya jeshi la Waturuki kuuzingira kisiwa mwaka 1565. Mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari, na roshani zake za mbao zilizofunikwa zinapendeza sana katika picha. Lakini mitaa hiyo hiyo inapanda na kushuka kilima, mingine ni ngazi tupu, na nyumba nyingi za zamani hazina lifti. Goti la Mama halikubaliani na ngazi.

Dada alitaka Gozo. Huko hukodishwa nyumba za zamani za wakulima zilizojengwa kwa mawe, zenye bwawa la kuogelea na utulivu, na si mbali na mahekalu ya Ġgantija yenye umri wa zaidi ya miaka 5,000. Kivuko kutoka Ċirkewwa hadi Mġarr huchukua dakika 25 hivi tu. Hata hivyo, dada haendeshi gari, na kwa hesabu yangu mizigo, mabasi na kivuko vingemeza karibu siku mbili kati ya nane. Mellieħa, upande wa kaskazini, ina ufuo wa mchanga na maji mafupi, lakini Mama haogelei. Paceville niliiacha mara moja: ni mtaa wa kumbi za muziki zinazokesha.

Ikabaki Sliema. Pwani yake ni ya miamba, si mchanga, ila kando ya bahari kuna njia ndefu ya kutembea, tambarare, yenye mabenchi. Feri ndogo huvuka hadi Valletta kwa dakika chache. Majengo mengi ni mapya, yana lifti, na mtaa wa nyuma huwa rahisi kuliko ule unaotazama maji.

Hapo ndipo tulipobishana. Dada alitaka hoteli inayotazama bahari. "Mama ametusomesha kwa kuuza nyanya," aliniambia kwa simu. "Nataka aamke aone bahari, aletewe chai." Nilimwelewa. Nilimjibu kwamba kwa bei ya hoteli hiyo wangepata siku tano badala ya nane. Tulipomuuliza Mama mwenyewe, aliuliza jambo moja tu: "Kuna jiko?"

Swali hilo lilinionyesha nilichokuwa nimekikosa katika maelezo yote ya nyumba niliyosoma. Dada yangu amewapikia watu wengine kwa miaka sita. Mama alikuwa akienda kumpikia yeye. Hotelini wote wawili wangekuwa wageni, na mgeni haingii jikoni. Nikachagua fleti ya vyumba viwili vya kulala, ghorofa ya tatu, yenye lifti, jiko na meza ya watu wanne.

Katika kutafuta nilijifunza pia jambo litakalowafurahisha wenzangu wa Kiswahili. Kimalta kilitokana na Kiarabu, ingawa huandikwa kwa herufi za Kilatini. Dunia ni dinja, kitabu ni ktieb, asali ni għasel, saa ni siegħa. Bahati nzuri Kiingereza nacho ni lugha rasmi huko, kwa hiyo Mama hakuhitaji somo hilo.

Fleti haikuwa kamili. Mwenye nyumba hakusema kwamba jengo la jirani lilikuwa likijengwa, na nyundo zilianza asubuhi mapema. Mama alisema kelele hizo zilimfanya ajisikie yuko Kampala. Jumapili walisali Valletta katika kanisa la kumbukumbu ya kuvunjikiwa jahazi kwa Mtakatifu Paulo, kisha wakaenda soko la samaki la Marsaxlokk, wakanunua lampuki, samaki wa msimu huo. Mama alimpika kwa nyanya na vitunguu. Dada alinitumia picha ya sahani mbili, wala hakunitumia picha ya bahari.

Matendo ya Mitume, sura ya 28, inasimulia jinsi wenyeji wa kisiwa hicho walivyompokea Paulo kwa ukarimu, na Publio akamkaribisha kwake siku tatu. Sisi hatuna Publio, tuna kadi ya benki na picha za simu. Kwa mwanafunzi mwenzangu atakayepewa kazi kama yangu, ushauri wangu ni huu: kabla ya kutazama picha za vyumba, muulize anayesafiri anataka kufanya nini akishafunga mlango jioni. Jibu lake litakuondolea nusu ya orodha.