Tatizo na Suluhisho: Umbo la Matini katika Darasa la Tano

Mjadala kuhusu uhusiano wa fani na maudhui umewashughulisha wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa miaka mingi. Wapo waliozitenganisha pande hizo mbili kama kikombe na chai iliyomo, na wapo walioziona kuwa sura mbili za sarafu moja. Hata hivyo, mjadala huo aghalabu huishia kwenye riwaya, tamthilia na ushairi. Matini za maarifa, yaani vifungu vinavyoeleza mambo ya kweli kuhusu mito, magonjwa, wanyama au historia, huchukuliwa kuwa hazina fani ya kujadiliwa. Husomwa kwa ajili ya habari zilizomo tu. Dhana hii hujengeka mapema, katika vipindi vya ufahamu vya shule ya msingi, na huko ndiko inakofaa kuchunguzwa.

Mnamo mwaka 2007, katika shule moja ya msingi iliyo karibu na Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, mwalimu wa Kiswahili aliwapa wanafunzi wa darasa la tano kifungu kuhusu gugumaji. Aya ya kwanza ilieleza jinsi mmea huo wenye asili ya Amerika Kusini ulivyovamia ziwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini. Ya pili ilitaja madhara yake: mitumbwi kukwama, nyavu kupotea, mbu na konokono kupata makazi. Ya tatu ilisimulia jinsi fukusi wanaokula gugumaji walivyoachiliwa ziwani upande wa Kenya mwaka 1997. Ya nne ilianza kwa neno "hatimaye": hatimaye, kufikia mwaka 2000, gugumaji lilikuwa limepungua sana na wavuvi wamerejea kazini.

Swali la mwisho liliuliza jinsi tatizo la gugumaji lilivyotatuliwa. Wanafunzi wengi waliwataja fukusi wakapata alama zao. Msichana mmoja, ambaye mamake alikuwa mchuuzi wa omena, aliandika: "Halikutatuliwa. Bado lipo." Mwalimu alitia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kumwagiza akisome kifungu tena.

Msichana alikisoma tena. Asubuhi iliyofuata alisimama na kusema, "Mwalimu, kifungu kinasema limekwisha. Lakini jana mama hakupata omena kwa sababu mitumbwi haikuweza kutoka." Darasa liliangua kicheko. Alikuwa amesema kweli: baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006, gugumaji lilikuwa limetanda upya katika Ghuba ya Winam. Lakini kicheko kilikuwa kimekwisha kumfunza. Kwa majuma mawili aliandika katika daftari lake yale tu aliyojua kwamba yanatarajiwa.

Kimya hicho ndicho kilichomrudisha mwalimu kwenye kifungu. Alichunguza kila sentensi na hakupata hata moja yenye uongo. Tarehe zilikuwa sahihi, madhara yalikuwa ya kweli, fukusi waliachiliwa kama ilivyoelezwa. Kilichompotosha msomaji kilikuwa mpangilio. Kifungu kilikuwa na umbo la tatizo na suluhisho, na umbo hilo hudai mwisho. Pindi suluhisho linapotajwa, msomaji hufunga kitabu akiamini kwamba kadhia imekwisha.

Mwalimu alizinakili sentensi za kifungu kwenye vipande vya karatasi ya manila, akaongeza vipande viwili. Kimoja kilisema kwamba gugumaji lilirejea kwa wingi baada ya mvua za mwaka 2006. Cha pili kilisema kwamba maji taka ya miji na mbolea inayosombwa kutoka mashambani huurutubisha mmea huo. Aliligawa darasa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilitakiwa kupanga vipande kwa kufuata wakati, la pili kwa sababu na matokeo, la tatu kwa tatizo na suluhisho.

Katika kundi la kwanza, fukusi waligeuka tukio moja miongoni mwa mengi, na kipande cha mwisho kilikuwa kile cha gugumaji kurejea. Kundi la pili liliweka maji taka na mbolea juu kabisa, kisha likazozana kama lililopunguza gugumaji ni fukusi au ni hali ya hewa ya kipindi cha El Niño cha 1997 na 1998. Bila kujua, watoto hao walikuwa wakiurudia mjadala wa wanasayansi wenyewe. Kundi la tatu lilimaliza upesi, lakini lilibakiza vipande viwili mezani, vile vile vilivyoongezwa. Mwalimu alipouliza sababu, mmoja wao alijibu, "Havina mahali pa kukaa, Mwalimu."

Ni vigumu kupata ufafanuzi ulio bora kuliko huo. Mtafiti wa Marekani, Bonnie Meyer, alionyesha mwaka 1975 kwamba mawazo yaliyo juu katika mpangilio wa matini hukumbukwa zaidi kuliko yaliyo chini. Darasa hilo lilionyesha jambo linalokaribiana na hilo: kila umbo huwa na mambo ambayo haliwezi kuyapokea. Mwalimu aliwaomba kisha wafute "hatimaye" na kuandika "kwa muda". Aya yote ilibadilika kwa kiunganishi kimoja, na wanafunzi wakaanza kuuliza kilichotokea baadaye.

Yamkini ingedaiwa kwamba mtahini hana nafasi ya mambo haya. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ulikuwa na jibu moja sahihi kwa kila swali, na mwalimu hakuwa na ruhusa ya kuwaponza wanafunzi wake. Suluhu aliipata katika maneno waliyoyazoea tangu zamani: "kulingana na kifungu". Aliwafunza kwamba maneno hayo huweka mpaka. Kulingana na kifungu, fukusi walilitatua tatizo; kulingana na ziwa, bado. Mwanafunzi anayeujua mpaka huo hupata alama zake bila kuyakana macho yake.

Idara zinazowaandaa walimu wa fasihi zingefanya vyema kuvitazama vifungu hivi kwa makini yale yale yanayotolewa kwa riwaya. Mtoto hukutana na umbo la matini ya maarifa miaka mingi kabla ya kulisikia neno "fani", na huliamini kwa sababu hajaambiwa kwamba lipo. Msichana yule aliandika tena siku ya Ijumaa, katika mistari miwili. Wa kwanza ulianza, "Kulingana na kifungu." Wa pili ulianza, "Lakini."