Mtoto Anyamazapo

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi walimu yatupasa kulikumbuka neno hilo. Mtoto apigaye kelele darasani hujulikana na kila mwalimu. Bali yule anyamazaye, akaaye nyuma na kutazama mlango, aweza kupita mwaka mzima pasipo mtu kumwuliza habari zake. Twataka kusema machache juu ya mtoto huyo: apewe nini ili apate kulitoa lililo moyoni, nasi tujizuie na nini tumsikilizapo.

Twafundisha Bunda, nasi twazijua pia shule za Musoma na Butiama. Huku kwetu sababu za kunyamaza si haba: baba aliyekwenda kuvua asirudi, ugomvi wa nyumbani, na kwa wasichana wengine hofu ya kukeketwa ufikapo mwezi wa Desemba. Sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18, lakini sheria peke yake haiondoi hofu. Ndiyo maana mwaka 2017 Bi. Rhobi Samwelly alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo nyumba zake katika Butiama na Serengeti zimewapokea wasichana waliokimbia. Mtoto aliyepatwa na hofu kama hiyo, ukimwambia, "Eleza yaliyokupata," huenda koo likamkauka, mabega yakapanda, na maneno yasije. Si kiburi wala ukaidi. Mwili ungali umeshika hofu, nao ulimi waungoja mwili.

Kwa hiyo wako waganga wa nafsi ambao huanza na mwili na mikono kabla ya maswali. Mgonjwa huambiwa akanyage chini kwa nyayo zote mbili, avute pumzi taratibu, aitoe kwa kitambo kirefu zaidi, moyo uendao mbio upate kutulia. Kisha hupewa karatasi na rangi, au udongo, au ngoma. Huko London, mnamo mwaka 1929, daktari Margaret Lowenfeld aliwawekea watoto sanduku la mchanga pamoja na sanamu ndogo za watu, wanyama na nyumba, akawaacha wajenge ulimwengu wao wenyewe. Msomaji wa Musoma hatastaajabu, maana mchanga wa ziwa tunao, na watoto wetu hufinyanga ng'ombe wa udongo kabla hawajajua kusoma. Wala ngoma na litungu havikungoja vitabu ndipo vimfariji mtu.

Jambo hili tuliliona darasani. Msichana mmoja wa darasa la nne alikuwa hajibu neno muhula mzima. Tulipowapa watoto udongo, alifinyanga boma, ng'ombe saba, na mtu mmoja nje ya ua. Mwalimu mwenzetu akanong'ona, "Huyo ndiye yeye, kwao wamemtupa." Hatukulipokea neno hilo, bali tulimwuliza mtoto, "Huyu ni nani, mwanangu?" Akakaa kimya kitambo, kisha akajibu, "Ni babu. Anamngoja kaka arudi ziwani." Kaka yake alikuwa amezama mwaka uliotangulia, wala hapana mtu mzima aliyemwambia waziwazi. Tulikwenda kwao jioni, tukaketi na mzee. Siku ya pili mzee mwenyewe akamwambia mjukuu wake, wakalia pamoja. Kama tungalifuata maneno ya mwenzetu, tungalimshtaki mzee mwenye msiba.

Hatari hiyo si yetu peke yetu. Mwaka 1949 Karen Machover wa Marekani alitoa kitabu kilichofundisha kuisoma tabia ya mtu katika picha aliyoichora: macho makubwa yana maana hii, mikono iliyofichwa ile. Wataalamu waliokuja baadaye walizipima alama za namna hiyo, wakaona nyingi haziaminiki. Mtoto aweza kuchora nyumba isiyo na mlango kwa huzuni, au kwa kuwa penseli imevunjika. Basi mwenye kuifasiri kazi ya mikono na awe yule aliyeifanya.

Tena mwalimu si mganga. Asilazimishe mtoto kurudia kisa chake mbele ya wenzake, wala asimguse pasipo ridhaa yake. Asiyelala kwa ndoto za kutisha, asiyekula, au asemaye afadhali afe, apelekwe hospitali pasipo kukawia. Atendewaye uovu, habari zake zifikishwe kwa afisa wa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Na simu namba 116 ipo kwa ajili ya watoto.

Ndugu walimu, udongo hauna bei. Mpe mtoto donge moja, keti chini karibu naye, uliza swali moja, kisha ngoja. Asipojibu leo, kesho umpe tena.